Vitabu Vyako vya Kutisha Viko Wodini

Khainza mwanangu,

Shangazi yako alitaka tuvichome. Nakuambia hilo kwanza, maana najua ungeniuliza hata kabla ya kuniamkia.

Siku ya kumaliza matanga kule Mbale watu waligawana vitu vyako, nguo, viatu, hata ile redio mbovu. Vile vitabu vyako vya picha vya Kijapani hakuna aliyevigusa. Shangazi alifungua kimoja, akamwona yule mwanamke ambaye kivuli chake kina meno, akakitupa kama kimemuuma. "Mama Khainza, mtoto alikuwa anaumwa, anasoma mashetani, na wewe ulikuwa unatazama tu?" Mimi unanijua, naogopa hata panya. Nikawaza, labda ni kweli. Labda ndivyo vilivyokuita.

Nikavifunga kwenye leso, nikarudi navyo nyumbani Mpumudde. Kuchoma sikuweza. Kuviweka ndani pia sikuweza.

Nilikumbuka siku ile nimefungua kimoja kama ninavyofungua Biblia. "Mama, vya Kijapani huanzia nyuma, wewe umeanzia mwisho! Umeshamwona anayekufa!" Ulicheka mpaka ukashika kifua, mimi nikakimbilia maji. Halafu ukanisomea, ukigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili chetu cha kambi ya jeshi, na mimi nimefunika macho kwa vidole, natazama katikati ya vidole. Nikakuuliza, na huu ugonjwa wako wa damu, sikoseli, maumivu hayakutoshi mpaka utafute na vitisho? Ukasema kaka zako wakitahiriwa kwa baba yenu wanasimama mbele ya kijiji kizima bila kupepesa macho. "Sisi wasichana hatuna siku hiyo, Mama. Mimi nasimama hapa." Ukagonga ukurasa.

Basi juzi nilivipeleka kule wodini Mbale, ulikokuwa unalazwa. Nilijiambia, mtoto mmoja tu akilia, navichoma mwenyewe.

Msichana mmoja, rika lako, dripu mkononi, akachukua kile cha kivuli. Akaanza kuwasomea wenzake. Khainza, zile kelele! Nesi akaja mbio akidhani kuna aliyezidiwa. Akawakuta wamevuta mablanketi mpaka puani, wanacheka. "Sista, ngoja, tumefika kwenye meno!" Nesi akatukaripia sote, mimi zaidi. Halafu akakaa ukingoni mwa kitanda. "Haya, soma. Lakini geuza huku na mimi nione."

Nilimuuliza yule msichana kama haogopi. Akasema, "Naogopa sana, Mama. Lakini huyu wa kitabuni nikichoka naye namfunga. Ugonjwa haufungiki."

Nikatoka nje nikalia. Si kile kilio cha kwanza. Hiki kilikuwa chepesi.

Nilimpigia shangazi yako nikamweleza yote. "Sasa yule wa kivuli," akauliza, "aliishia wapi?" Nikamwambia aende wodini akasome mwenyewe.

Rafiki yako Aisha wa Masese ananitafutia vingine. Naahidi nitavipeleka kwa mikono yangu, hata vile vyenye macho kwenye jalada, nitavibeba vimelala kifudifudi. Pumzika, mwanangu, bila maumivu. Mama yako bado mwoga. Lakini kesho asubuhi anapanda gari la Mbale.

Mama