Wimbo Umeniumbua Dukani

Shoga, nimeumbuka! Nimeumbuka mchana kweupe!

Si unajua mama anahamia kwangu leo? Nikakimbilia duka la vitambaa kutafuta cha pazia la chumba chake. Redio ya pale ikapiga ule wimbo wetu: "Cha leo unanunua cha nini, na cha jana hujakifungua?"

Nikaitikia kwa sauti, nacheza, nimekumbatia kitambaa cha maua!

Muuzaji akazima redio. Akazima kabisa! "Fundi, hicho hicho ulichukua mwezi uliopita. Umeshakishona?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Fundi cherehani mzima, nikakirudisha kitambaa kwenye rafu!

Nimerudi mikono mitupu. Kufungua chumba cha mama, kitanda hakionekani! Vitambaa vimejaa mpaka darini, vingine bado kwenye mifuko. Mama yangu angelala wapi, shoga? Juu ya cherehani?

Nimeshona mapazia, mashuka na foronya mpaka vidole vimekufa ganzi. Kitanda kimeonekana.

Mama kaingia, kashika pazia. "Zuri! Umenunua leo?"

"Leo sijanunua kitu, mama."

Kanishika paji la uso, eti anapima homa!

Nawe mwenye pochi za kufungulia duka, acha kucheka. Wimbo nakutumia sasa hivi.