Taa Kando ya Bamba Tupu

Adelaide, 4 Februari 1996

Babu Chaskel mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje na joto la huko Perth? Sisi hatujambo. Mama anauliza kama unakula.

Kamati imeniomba niandike historia ya ukumbi wetu wa Wayahudi, na mlango wa maktaba utaandikwa jina lako. Nina swali moja. Kwenye ukuta wa marehemu, ambapo kila mmoja huwashiwa taa kila mwaka wiki aliyofariki, wiki hii imewaka taa kando ya bamba la shaba lisilo na jina. Nilimuuliza Bwana Fiszel, mtunza ukumbi. Akasema, “Wewe soma vitabu, taa niachie mimi.” Nilipong’ang’ania akasema, “Muulize babu yako. Mimi nafuata agizo.”

Ni taa ya nani?

Mjukuu wako,
Tirtza

Perth, 15 Februari

Mjukuu wangu,

Marahaba. Mimi mzima, ila supu ya shangazi yako Hela haina chumvi. Taa hiyo ni hitilafu ya umeme tu. Andika kuhusu dansi na mashindano ya sataranji, watu wanapenda hayo. Na Fiszel usimsumbue, ni mzee.

Babu yako

Adelaide, 3 Machi

Babu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini Shangazi ameongeza chumvi.

Sipendi kukubishia, na barua hii nimeichana mara tatu. Lakini hitilafu ya umeme haijui kalenda yetu ya Kiyahudi. Taa ile huwaka kila mwaka wiki ya tarehe kumi na mbili ya mwezi wa Shevat, na agizo limo kwenye daftari la Bwana Fiszel kwa mwandiko wako. (Yeye ni mdogo kwako kwa miaka tisa.) Kwenye picha ya ufunguzi wapo waasisi kumi na wawili. Orodha yao uliyoiandika wewe ina kumi na mmoja. Aliyekosekana ameshika nyundo. Kitabu cha kumbukumbu za mikutano cha 1953 hakimo kabatini, na wewe ndiye uliyekuwa katibu.

Ulikichoma? Historia inakwenda kupigwa chapa mwisho wa Aprili. Sitaki kuandika uongo chini ya jina lako.

Tirtza

Adelaide, 31 Machi

Babu,

Shikamoo. Shangazi anasema kwenye simu kwamba hujambo na unakula vizuri. Basi umeamua kunyamaza. Kamati sijawaambia kitu. Nawatakia Pasaka njema.

Mjukuu wako bado,
Tirtza

Perth, 14 Aprili

Tirtza,

Mwili ni mzima.

Mwenye nyundo ni Lipa Zonszajn, seremala. Jukwaa lile alilijenga yeye. Tulikua naye mtaa mmoja kule Poland. Mwaka 1953 alikuja mtu akasema wakati wa vita, kule kwenye kambi ya Wanazi, Lipa alikuwa mnyapara, akiwapiga wenzetu. Tulipiga kura, tukamfukuza. Nilisoma uamuzi kwa sauti. Yeye alisema tu, “Chaskel, wewe unanijua.”

Baada ya miaka miwili ilikuja barua ya shahidi. Mnyapara alikuwa mtu mwingine, Lipa aligawa mkate wake. Lakini Lipa alikuwa amekwisha kufa peke yake, kwenye chumba cha kupanga. Barua sikuisoma mkutanoni. Niliitia ndani ya kitabu cha mikutano.

Nilipohama nilitaka kukichoma. Lakini kila mkutano tuliufungua kwa sala, na Jina la Mungu limo karibu kila ukurasa. Jina halichomwi, huzikwa. Nikakitia kwenye sanduku la vitabu vya sala vilivyochakaa, vizikwe pamoja makaburini. Muulize Fiszel kama ameshavizika. Ni mvivu, namshukuru Mungu.

Bamba nililiagiza mimi. Kuandika jina kulimaanisha kueleza.

Mlango wasiuandike.

Babu yako

Adelaide, 21 Aprili

Babu,

Shikamoo. Sanduku lilikuwa chini ya jukwaa. Bwana Fiszel anasema tangu uhame anangoja kamati inunue koleo. Niliwasomea kamati ile barua ya shahidi nikiwa nimesimama. Bibi Glikman akauliza, “Nani aliificha?” Nikasema, “Babu yangu.” Akasema, “Kaa chini, mtoto, unywe maji.”

Mlango umebaki bila jina. Fundi anangoja kuchonga bamba, lakini desturi inataka jina la baba wa marehemu, na hapa hakuna anayelijua. Wewe ulimjua.

Tirtza

Perth, 24 Aprili

Lipa mwana wa Getzel.

Chaskel