Chai ya Maziwa na Tembe Yangu

Jumanne, baada ya ugali

Na leo nilikuwa nimeenda kliniki kugombana kabisa. Nimechoka kusinzia kwa cherehani mpaka wateja wa hapa mtaani Kongo wananiona mvivu. Nimechoka kuvaa sweta jua likiwaka. Na tembe za kliniki ya Olympic nameza kila asubuhi!

Nikamwambia daktari wa kliniki naziacha. Jirani yangu Mwende alinipeleka kwa daktari Mchina, na huyo akanishika mkono akisikiliza mapigo, akaangalia ulimi, akasema moto wa figo umeshuka. Akanipa mizizi ya kuchemsha. Nikamuuliza, na wewe unasema tezi ya shingo imelegea. Sasa nishike gani?

Nilidhani atacheka.

"Mama, sisi wote tunaona mwili umepoa. Lakini damu yako inaonyesha ni tezi, kwa hivyo tembe usiache. Hiyo mizizi niletee niione kwanza. Tembe unameza na nini?"

"Na chai."

"Ya maziwa?"

Kwani kuna ingine? Ya rangi ni ya mtu amefulia, hana pesa ya maziwa.

Kumbe maziwa yanazuia dawa kuingia mwilini. Nimeze na maji, halafu ningoje saa nzima kabla ya chai.

Nimefurahi, kusema ukweli. Niliogopa labda ni kuzeeka tu, na hiyo haina tembe.

Shida ni kesho. Mwende hupika chai mapema, na ukuta wetu wa mabati hauzuii harufu. Hata Mchina aliniambia nianze siku na maji moto, matupu. Hawa wawili hawajawahi kuonana, na bado wamekubaliana kuninyima chai.