Vinyago vya Mifuko ya Saruji

Njia ya Makaburini,
Jacmel.
19 Januari 2013

Mpendwa mdogo wangu Titi,

Pokea salamu za nyumba nzima. Hujambo huko kwenye theluji? Na kile kikohozi kimekuacha, au bado kinakukata usingizi? Sisi huku wazima, ila goti langu linagoma nikipanda kilima. Supu ya boga ya Mwaka Mpya tuliipika, nikakuwekea sahani yako mezani kama kawaida. Wislande akala yake, kisha akala na yako.

Mwanao huyo amekua, ameng'oka meno ya mbele, na mdomo haufungi.

Nimekupigia simu tangu Jumapili, hupokei. Ndiyo maana naandika. Barua hii anakuletea Osner, mtoto wa fundi viatu, mkononi kwako. Isome ukiwa peke yako.

Kuna mwanamke amehamia ile nyumba ya mwokaji mikate. Anaitwa Yanick, ametoka mji mkuu. Kila alasiri anatandika mkeka barazani na kuwaita watoto watengeneze vitu kwa karatasi za kutupwa. Wanampelekea magazeti, trei za mayai, mifuko ya saruji. Wanachana vipande, wanavipaka uji mzito wa wanga wa muhogo, wanabandika juu ya bakuli lililopakwa sabuni, tabaka juu ya tabaka. Vikikauka juani wanavibandua, wanatoboa macho, wanapaka rangi, tayari ni uso wa chui au jogoo wa kuvaa kwenye kanivali. Wale wadogo kabisa wanakunja vipepeo. Hatozi kitu. Tena anawapa mkate wenye siagi ya karanga.

Wewe unanijua. Niliposikia ni bure, machale yalinicheza. Hujawasahau watoto wa jirani yetu Dieula, walivyochukuliwa baada ya tetemeko na watu wenye maneno matamu, eti wanapelekwa shule. Mpaka leo Dieula hajui wako nchi gani.

Nikamkataza Wislande asiende. Akaenda. Alirudi gundi imemgandia hadi kwenye viwiko. Nikamuuliza yule mama anawauliza nini huko.

"Ameniuliza mama yangu yuko wapi."

"Ukamjibu nini?"

"Nimesema yuko mbali, anatafuta maisha."

Basi, roho haikukaa tena mahali pake. Kesho yake nikaenda mwenyewe.

"Karibu, dada," Yanick akaniambia. "Umekuja kusaidia au kuchungulia?"

"Kuchungulia."

"Haya, chungulia ukiwa umekaa, utachoka bure. Na hiyo mikono ichane karatasi, naona haina kazi."

Ulimi wake huo! Nikakaa, nikachana, lakini jicho sikumwondolea. Nikamwona anapita na uzi, anampima kila mtoto uso. Nikamuuliza uzi wa nini. Akasema kinyago kisichomwenea mtoto kitamtumbukiza mtaroni. Maneno yalikuwa sawa, lakini sikumwamini. Mbona anajua majina yao yote? Mbona amehama peke yake, hana mume, hana mtoto? Siku zote hizo nilikuwa nakwenda kumlinda Wislande, si kumsaidia mtu.

Alhamisi ya wiki iliyopita likaja gari jeupe. Akashuka mwanamume wa shati lililopigwa pasi, ana mfuko wa peremende. Akasimama mbele ya baraza.

"Wislande ni nani kati yenu?"

Titi, karatasi niliyokuwa nachana niliitupa chini. Nikamtazama Yanick, nikasema moyoni, ndiyo haya, wamepanga.

Lakini Yanick hata salamu hakumpa. Aliwageukia watoto kama mtu anayeanzisha mchezo. "Vinyago usoni! Nisikie nani anaunguruma kuliko wenzake!"

Mara moja hapakuwa na watoto tena pale, bali chui na majogoo, wote wanapiga kelele, huwezi kujua nani ni nani.

"Wislande unamtakia nini?" Yanick akamuuliza yule mtu.

"Nimetumwa na mama yake. Amepata nafasi katika kituo chetu, atasomeshwa."

"Mama yake yule pale," Yanick akasema, ananielekezea kidole chenye gundi. "Yule aliyenuna. Hawa wote ni wake."

"Wote?"

Nikainuka na goti langu hili. "Wote. Unataka nikutajie na baba zao?"

Watoto wakaangua kicheko. Yule mtu hakucheka. "Mimi nimeambiwa mama yake anaitwa Rosemène," akasema, akaingia garini, akaondoka.

Yanick akaketi chini. Nikamuuliza amejuaje kuwa yule si mtu mwema. Akasema gari kama lile liliwahi kusimama mlangoni kwake mjini, na mwanawe akapanda. Nilimshika mkono, gundi kwa gundi.

Shaka yangu kwake imekwisha, Titi. Sasa imehamia kwako.

Huku mtaani nani anakuita Rosemène? Hilo ni jina lako la vyeti tu; tangu utotoni unaitwa Titi, hata mwanao hajui jina jingine. Yule mtu alilipata wapi?

Labda umedanganywa na mtu huko kazini, akakusifia watu wema. Labda umechoka, ukaona haya kuniambia. Au si wewe kabisa, na dada yako amezeeka kwa wasiwasi. Niambie tu, sitakutukana. Lakini kama ni wewe, njoo umchukue kwa mikono yako. Mwenye gari simpi. Mchana hatoki barazani bila mimi au Yanick.

Naomba jibu upesi, na sababu ni hii. Jioni ile mtoto aliniuliza kwa nini tulimfukuza mtu aliyetumwa na mama. Akasema alipomsikia alitaka kuvua kinyago amfuate, ila kamba ilinasa kwenye nywele zake.

Shangazi Lamercie anakusalimu, Dieula naye anakusalimu sana. Mungu akulinde na baridi, na akulinde na wanaokuchekea.

Dada yako akupendaye hata akiwa na hasira,
Clorinde