Kitako cha Bunduki ya Kuka

Soko la Busia,
S.L.P. 31, Busia,
Kenya.
14 Septemba 1974

Mpendwa Senge Zilpa, shangazi yangu,

Salamu nyingi kutoka Busibwabo zikufikie huko Tabora, wewe na mzee wako. Je, goti limepata nafuu, au baridi ya asubuhi bado inalisumbua? Sisi hatujambo. Mahindi tumevuna, na Mama kile kikohozi kimemwacha. Baba ndiye aliyetutia hofu mwezi wa Juni, presha ilimlaza kabisa, lakini sasa anatembea mpaka kisimani mwenyewe. Mungu amekuwa mwema.

Senge, nakuandikia kukushukuru. Ulipokuja Krismasi uliniambia, “Roselida, nenda Malaba kwa Baba Mdogo wako Methuselah. Baba yako akiuliza, sema mimi mkubwa wao ndiye nimekutuma.” Nilichelewa kwa woga, lakini nimeenda.

Baba alipokuwa kitandani aliitaja bunduki ya Kuka, baba yenu, kila siku. Unajua tangu polisi watoe mtambo wake na kuturudishia iwe kumbukumbu tu, hailii tena. Hilo halikumuuma. Kilichomuuma ni kitako. Alisema hawezi kuwaachia wajukuu bunduki ya baba yake ikiwa na ubao wa mkalitusi uliopigiliwa misumari kama mlango wa choo.

Basi nikaifunga kwenye gunia, nikaipeleka kwa Mutwalibu, seremala aliye jirani na kibanda changu cha cherehani. Yeye ni mtu wa vitanda na milango, bunduki hakuwahi kuigusa. Aliung'oa ule ubao, akaniuliza, “Dada, kitako naweza kuchonga. Lakini cha mzee kilikuwa namna gani?”

Nikamweleza ninachojua. Kwamba Kuka Bwire alipoteza jicho la kulia katika vita vya Mjerumani, na kwa kuwa bega la kulia ndilo lililozoea bunduki, alijichongea kitako kilichopinda, ili bunduki itoke bega hilo ije mbele ya jicho la kushoto.

“Kilipinda kiasi gani?”

Hilo sikulijua. Baba naye leo ananionyesha hivi kwa mkono, kesho vile. Hakuwahi kuishika. Aliyekuwa akifuatana na Kuka kuwinda viboko waliokula mashamba ni Methuselah, na Methuselah ndiye aliyekikata kitako hicho baada ya mazishi yake, akapigilia ule ubao. Unakumbuka maneno ya Baba siku ile: “Umemkata mzee shingo.” Tangu mwaka huo wa Uhuru hawakusalimiana, hata matangani kila mmoja alitafuta kona yake.

Nilimkuta Baba Mdogo kwenye ghala la pamba analolinda pale Malaba. Nywele zote nyeupe, Senge, sikumtambua mara moja. Nilipomaliza kusema alitazama chini.

“Mimi niko na macho mawili,” akasema. “Nilikuwa nalenga kiboko, napiga maji. Ndiyo nikakata. Sikufikiria kwamba hapo ndipo mkono wa baba ulikuwa.”

Kisha akaenda kumwomba mkubwa wake wa kazi ruhusa, tukarudi pamoja kwa lori la muhogo.

Mutwalibu alitaka mbao kavu ya zamani, kwa sababu mbichi ingepasuka. Mama akatoa kipande cha fremu ya mlango wa nyumba ya Kuka, mvule mtupu, kilichokuwa darini kwa jiko tangu nyumba ianguke. Kazi ikaanza. Baba Mdogo anafumba jicho la kulia, anaiweka bunduki begani, anaelekea ukutani. Mutwalibu anapunguza kwa tupa. “Bado, inanisukuma shavu.” Anapunguza tena. “Sasa iko chini.” Mama Nusura wa mandazi alihama na karai lake, ingawa nilimwapia kwamba haina mtambo!

Jua lilikuwa limeshaegemea Uganda Baba Mdogo alipoiweka begani tena. Nikaona mgongo wake umenyooka, kidevu kimeinuka kidogo, na mimi niliyemjua Kuka utotoni tu nikamwona amesimama pale kati ya maranda. “Ni hii,” akasema. Machozi yalikuwa yakimtoka katika jicho lililofumbwa. Mutwalibu aligeuka akajifanya anatafuta msasa.

Ilipokwisha kupakwa mafuta tulikwenda nyumbani. Baba alikuwa mlangoni. Nilitaka kutaja jina lako kama ulivyoniagiza, lakini Baba Mdogo alinitangulia. Baba Mdogo hakuvuka kizingiti. Aliinyoosha bunduki kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha.

Baba aliipokea. Alipapasa mvule kutoka mwisho hadi mwisho, akaulaza shavuni, akafumba jicho la kulia. Kuku walipita katikati yetu.

Halafu akaishusha, akasema, “Methu, umekula?”

Senge, miaka yote hiyo, na neno la kwanza likawa hilo! Mama hakungoja jibu, alikuwa ameshaingia jikoni. Walikula sahani moja. Baadaye niliwasikia wakibishana kwa sauti kuhusu kiboko gani alikuwa mkubwa zaidi, nikatoka nje nilie vizuri.

Asante, Senge. Bila neno lako nisingethubutu. Mutwalibu naye nimemshonea kanzu ya Idi, na mkewe Hasina anakusalimu ingawa hamjuani.

Wasalimie wote wa nyumba yako, na majirani walionitumia vitenge. Mama, Baba na Baba Mdogo wanakusalimu, tena ndugu zako wamesema niwaandike wakifuatana, pasipo mtu katikati. Mungu akulinde, akulaze salama na kukuamsha na nguvu.

Ni mimi mwanao nikupendaye sana,
Roselida