Wapiga makasia wa Kartago, na jina la Kevo

Alhamisi, Al-Malqa

Ndiyo, walilipwa. Hilo ndilo nililomuuliza kwanza mwalimu wa watoto wa bosi, yule Mtunisia ninayemrudisha kwake jioni. Leo alinihadithia Kartago, mji wa zamani wa kwao. Anasema meli zao za vita zilipigwa makasia na maskini wa mji wenyewe, jirani kando ya jirani. Vita ilipozidi, wakanunua watumwa.

Nikamwambia, "Ustadhi, mimi ningewachekesha mpaka meli izame."

Akacheka peke yake, mimi sikuweza.

Maana asubuhi nilimwomba bosi pasipoti yangu nikamzike mama. Akasema kwa Kiarabu chake, "Mafi mushkila, hakuna shida. Nipe jina la ndugu yako aje awe dereva wa pili, kesho unasafiri."

Ndugu ninaye mmoja, Kevo. Angekubali mbio, anadhani huku nakula kuku. Halafu siku yake ya kutaka kurudi nyumbani ikifika, pasipoti ataombea kwa jina la nani...

Sasa Wafula, najiambia mwenyewe, tufanye dili, mimi na wewe. Kesho bosi akiuliza, sema huna ndugu. Mazishi yatupite. Na mimi leo nakuacha ulie mpaka uchoke, sikuletei mzaha hata mmoja.