Nyumba ya Darsait Ina Mwenyewe

Darsait, Maskati

Kwa mdogo wangu Humam,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na mkeo na watoto, na joto la Dubai halijawatoa roho. Sisi huku wazima, alhamdulillah. Mume wangu analalamika goti, binti yangu Ruba yuko na masomo yake ya chuo, na mimi siku hizi sikai mahala pamoja. Nikikaa nasimama, nikisimama nachukua ufunguo wa gari. Mama naye mzima. Mzima kuliko tulivyokuwa tukidhani, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Najua utanicheka, mtu mwenye simu mbili kuandika barua. Lakini ujumbe wangu wa sauti unausikiliza nusu, kisha unanirudishia kidole gumba. Hii nampa Loai, mtoto wa mjomba Bakhit, anakuja huko na gari lake. Nimempa na kopo la visheti, na nimemwambia asikukabidhi kopo mpaka akuone umefungua bahasha.

Umeniuliza kwa nini watu usiowajua wanakupigia simu, tena kwa Kiswahili, wanakuambia urudi nyumbani ukale. Nitakujibu. Siyo hapa mwanzo, maana nikikujibu hapa hutasoma yaliyobaki.

Ulipotaka nyumba ya Darsait iuzwe na Mama ahamie kwangu Ansab, mimi nilikubali. Sikukubali kwa kulazimishwa. Ngazi zile zimechakaa, tangi la maji juu ya paa linavuja, na Mama amebaki peke yake na Benedikta, yule dada wa Kitanzania anayemsaidia kazi. Tukakubaliana kwamba hati ya wakala aliyokupa Mama baada ya kutoka eda ya Baba inatosha wewe kuuza kwa niaba yake, na kwamba tumwambie mwishoni, mambo yakishakuwa tayari, ili asipate presha. Picha nilipiga mimi. Tangazo niliandika mimi kwenye ule mtandao wa kuuzia nyumba, nikaweka nambari yako kama ulivyoniambia. Haya yote unayajua.

Usilolijua ni habari ya magazeti. Ruba alipewa na mwalimu wake kazi ya kusoma gazeti dogo la kila wiki lililokuwa likitoka Unguja miaka mia iliyopita, ukurasa wa matangazo tu, yale madogo madogo ya kuuza na kutafuta. Akaona maneno mengine hayaelewi, akampelekea bibi yake nakala amsaidie. Nilifurahi. Nilisema angalau Mama atapata cha kumshughulisha.

Kumbe matangazo yale yana utamu wake, Humam. Mpishi anatafuta kazi, anajua pilau na mikate ya kumimina, hagombani. Cherehani ya mkono inauzwa, mwenyewe amehama. Amepotea punda mweupe, ncha ya sikio imekatika, mpole, hana kosa, anaitika akiitwa. Atakayemwona amrudishe, atapata zawadi. Mama alikuwa akisoma huku akicheka peke yake. Lile la punda alimsomea hata Benedikta jikoni, naye akaacha vyombo akauliza kama punda alipatikana.

Kisha mambo yakabadilika. Siku moja nimefika, namkuta Mama amevaa buibui na mkoba mkononi. Ananiambia kuna nyumba inapangishwa Malindi ya Unguja, ina kisima ndani na baraza ya kukaa watu, mwenyewe anapatikana baada ya Alasiri, basi nimpeleke kabla haijachukuliwa. Nilidhani anatania. Nikamwambia, Mama, hili ni gazeti la zamani. Akanitazama kama mimi ndiye niliyechanganyikiwa, akasema nyumba nzuri haikai.

Tangu siku ile hakutulia. Aliweka mkoba mkubwa mlangoni, akatia msahafu wake, chetezo, kanga mbili na ile mbuzi ya nazi ya marehemu bibi. Mchana anakwenda dirishani, anarudi, anauliza kama nimempata mwenye nyumba. Benedikta akanipigia simu akaniambia, "Madam, Mama leo hajakaa chini. Anapanda na kushuka ngazi kama anayepima." Nami nikitoka kazini naingia Darsait, nikitoka Darsait nakwenda Ansab, nikifika Ansab naanza tena kufikiri Darsait. Nikampeleka kwa daktari, daktari akasema uzee. Wewe nilikueleza, ukaniambia ndio sababu nzuri zaidi ya kuharakisha kuuza.

Wewe unavijua vitu vile maana yake. Kwetu mtu akihama, kinachoingia mwanzo nyumba mpya ni msahafu na chetezo, kabla ya godoro na kabla ya sufuria. Tangu chetezo kiingie ndani ya mkoba, nyumba ile haikufukizwa udi. Niliingia kila siku, sikusikia harufu, nikasema labda pua yangu imeziba. Ningekuwa na akili ningejiuliza, mtu aliyepotewa na akili anawezaje kufunga mizigo kwa mpango namna ile.

Huku wanunuzi nao wanakuja. Mama nilimwambia ni wageni wako. Basi wageni wa Humam! Kila aliyeingia alikalishwa, akaletewa tende, akaletewa kahawa, akaletewa halua, akaulizwa ukoo wake, wa kwa nani na mama yake nani. Akitaka kusimama aone vyumba, Mama anasema bado, kahawa ya pili inakuja. Nimejaribu mimi kuwapenyeza wachungulie juu, Mama anaita, "Rahila, mgeni hatembezwi kama mbuzi wa mnada, mwache ale." Nilidhani ni bahati mbaya. Yule Yaqdhan uliyekuwa ukimtegemea, uliyeniambia amekwisha kukubali bei, alikuja na mkewe Khulood. Mama aliwapikia wali wa nazi na papa. Walipotoka, Khulood alinishika mkono kwenye gari akaniambia wamekula chakula cha mwanamke yule ndani ya nyumba yake, sasa watamwambiaje ahame? Akasema yeye hataki nyumba ya namna hiyo, itamkaa kooni. Wewe nilikuambia Yaqdhan amepata nyumba nyingine. Haikuwa kweli.

Basi Ijumaa iliyopita, baada ya sala, Mama alinikalia kooni na Malindi yake mpaka nikashindwa. Nikaona nimtie kwenye gari na mkoba wake, nimzungushe, nimpeleke Yiti. Kule kuna bahari na nyumba za zamani na watu wanaouza samaki. Nilisema moyoni ataona bahari, ataona kuta kuukuu, nitamwambia ndiyo hii Malindi, mwenye nyumba kasafiri, tutarudi siku nyingine. Ndiyo, Humam, nilikusudia kumdanganya mama yangu kama anavyodanganywa mtoto anayelilia pipi. Njia nzima aliushikilia mkoba mapajani.

Tulipofika nikazima gari. Nikaonyesha kwa kidole, nikasema, Mama, tumefika, Malindi hii. Akatazama bahari, akatazama milima, kisha akanigeukia.

"Hii Yiti," akasema. "Nilikuja hapa na baba yako kabla wewe hujazaliwa. Tulikula nguru wa kuchoma pale penye jiwe. Unanifanya mie mtoto, Rahila?"

Akaniambia anajua vyema kwamba gazeti lile ni la wakati wa nyanya zake, na kwamba nyumba ile ya Malindi ikiwa bado imesimama basi ina watu wengine wanaozaliana ndani yake. Akasema tangu mwanzo anajua. Jirani yake Bi. Aya, yule wa ghorofa ya mbele, alimwonyesha kwenye simu ya binti yake tangazo la nyumba inayouzwa Darsait. Mama akavaa miwani, akaona chumba chake cha kulala. Akaona kitanda chake, na mswala wake umetandikwa, na kandambili zake chini ya kitanda, vyote vinatazamwa na kila mtu. Picha niliyoipiga mimi, Humam, Mama akiwa bafuni anatawadha.

Nilimuuliza kwa nini hakutuambia. Akasema, "Nyie ndio mlikuwa na la kuniambia, siyo mie. Nilikupeni nafasi. Mnanitafutia pa kwenda kwa tangazo, na mie nikaona nitafute kwa tangazo. Nikasema, wakiniona nahangaika namna hii, mmoja wao ataona haya aniambie. Nikangoja. Wewe ukanipeleka kwa daktari."

Nililia palepale, mikono kwenye usukani. Mama hakunibembeleza. Alinipa kitambaa, akasema nifute pua, watu wanatazama. Kisha akaniuliza kitu kimoja tu, kama wewe unajua kuwa picha ile ya kitanda imo. Nikamwambia unajua. Akasema njaa inamuuma, turudi.

Sasa nakuja kwenye zile simu zako. Tulipofika Darsait Mama alikaa pale pale anapowakalisha wageni, akamwambia Benedikta alete kahawa, akaniambia nitoe simu. Akataka kujua kama tangazo lililokwisha kutolewa linaweza kubadilishwa. Nikamwambia linaweza. Akaniambia niliondoe lote, na picha zote, niandike yeye atakayonitajia, na nambari ibaki ile ile. Nami niliandika, kisha nikabonyeza mwenyewe, kwa kidole changu. Hakunilazimisha mtu. Mama asilaumiwe, Ruba asilaumiwe, wala Benedikta, ingawa alicheka mpaka akamwaga kahawa. Nakunakilia hapa, maana nadhani wewe huna muda hata wa kufungua tangazo lako mwenyewe:

"Amepotea mtoto wa kiume, Humam. Mrefu, ana kovu juu ya jicho la kushoto, alilipata kwa kuanguka ngazi za nyumba hii. Alitoka Darsait kwenda Dubai kwa kazi ya wiki moja, Idi zimepita hajaonekana. Mpole, hana kosa. Nyumba haiuzwi, ina mwenyewe, na mwenyewe hajahama. Atakayemwona amwambie arudi ale. Zawadi ni chakula cha mchana."

Watu wa huku unawajua. Wamelisambaza kwenye makundi yao yote, na nambari ni yako, basi wanakupigia. Sikuombi radhi kwa hilo.

Ninaloliombea radhi ni kukubali kwangu mwanzo. Sasa sikubali tena. Fungu langu katika nyumba ile haliuzwi, na hilo ni neno langu la mwisho. Mama anataka afute ile hati ya wakala. Nimemwahidi kumpeleka Jumatatu asubuhi, na sitamgeuzia njia tena. Nilimwambia pengine angekungoja uje uifute naye mwenyewe, mkae pamoja, iwe kwa uzuri. Akasema Jumatatu mbali, mwenye kuja atakuwa amekwisha kuja. Kutoka Dubai ni mwendo wa asubuhi moja, Humam. Watu huenda na kurudi kununua matairi.

Ngazi tutazitengeneza. Fundi kutoka kule kwenye karakana za nyuma amekwisha kuja kupima, na Mama amemkalisha kwa kahawa, kwa hiyo kazi itachelewa kidogo. Mimi nimehamia Darsait tangu juzi, nalala chumba chako cha zamani, mume wangu amekasirika kidogo na atazoea. Mkoba wa Mama bado upo mlangoni. Nimeufungua nikautoa msahafu, nikarudisha kanga kabatini na mbuzi jikoni. Nilipotaka kutoa chetezo, akanizuia. Amesema atafukiza watakapokuwapo wenye nyumba wote.

Nisalimie mkeo, uwabusu watoto, na visheti usiwafiche. Mjomba Bakhit anakusalimu, Bi. Aya anakusalimu na anasema nambari yako ameihifadhi. Benedikta anauliza kama umepatikana. Mama hakutuma salamu. Ameniambia salamu zake unazo katika tangazo.

Mungu akulete salama.

Ni mimi dada yako,
Rahila

Nimesahau jambo moja. Katika lile tangazo, baada ya "mpole, hana kosa", Mama alinitajia pia "anaitika akiitwa", kama yule punda. Nikaandika. Kisha akaniambia ningoje kwanza, akafikiri, akaniambia nilifute hilo. Amesema tangazo lazima liwe la kweli.